Tansio haipigake hodi: mawazo juu ya kuishi siku mingi hapa kwetu

Mwezi wa pili nilitimiza miaka 47. Jioni ile, tukiwa tunakula, kijana wangu mukubwa akaniuliza: "Papa, weye utafikisha miaka ngapi?" Nikacheka, nikamujibu: "Ile Mungu alipanga." Ni jibu tunalojibu sisi wote hapa, na linafunga mazungumzo vizuri. Lakini usiku usingizi ulikataa kuja. Baba yangu alianguka akiwa na miaka 58. Nilihesabu: 58 kutoa 47, inabaki 11. Mutoto wangu wa mwisho hatakuwa amemaliza shule ya sekondari.

Mimi ni mutu wa redio. Wiki kwa wiki tunapokea waganga ku studio, nawashikia mikro, nawauliza juu ya tansio namna mutu anauliza bei ya unga ku soko ya Kadutu. Wanajibu, nasema aksanti sana, tunaweka muziki. Miaka kumi na kitu nafanya kazi ile, na mukono wangu mwenyewe ulikuwa haujafungwa hata siku moja na ile kitambaa ya kupimia. Sikuwa muoga. Sikusikia tu maumivu yoyote, na mutu asiyesikia maumivu haendake ku lopitali.

Nilipimwa kwa bahati. Nilisindikiza bibi yangu ku kituo cha afya kwa chanjo ya mutoto, foleni ilikuwa ndefu, na mama infirmiye alikuwa na mashine juu ya meza. Nikamuambia, kwa muchezo tu, anipime na mimi. Akaangalia mashine, akaniangalia. "Papa, unatoka kupanda mulima?" Nani hapa Bukavu hatoki kupanda mulima? "Basi ikala kwanza, upumuzike, na usiongee." Mashine ilikuwa imesema 168 juu ya 102. Kisha dakika kumi ikasema 160 juu ya 98. Akaniambia nirudi kisha siku mbili, asubuhi, bila kunywa kahawa. Nikarudi. 162 juu ya 100.

"Sasa papa, hii haiko mulima tena," akasema. "Tansio haiko kama malaria. Malaria inakulalisha, unakimbia kutafuta dawa. Hii inakuacha unatembea, unakula, unacheka na batu, na iko inakuharibu ndani."

Tuelezane zile namba mbili, sababu nimekuta watu wengi wanazibeba ku karatasi bila kujua maana yake. Moyo ni pompi. Kila ukijikunja, unasukuma damu ndani ya mishipa, na ile nguvu ya kusukuma ndiyo namba ya juu. Kisha moyo unalegea kidogo ili ujae tena. Nguvu inayobaki ndani ya mishipa wakati ule ndiyo namba ya chini. Waganga wengi wanahesabu kwamba kuanzia 140 juu, ao 90 chini, kwa mutu mukubwa aliyepimwa siku mbalimbali akiwa ametulia, ni tansio ya kupanda. Moja kati ya zile mbili ikipita, inatosha.

Na kwa nini haiumi? Fikiri bomba la maji ambamo maji inapita na nguvu kupita kiasi, muchana na usiku. Bomba halilii. Linachoka polepole, miaka kumi, miaka kumi na tano, na siku moja, usiku wa manane, linapasuka mahali palikuwa pembamba. Mishipa yetu iko vile. Ikipasuka ao ikiziba ndani ya kichwa, ni kiharusi, ile waganga wanaita AVC. Moyo wenyewe, kwa kusukuma sana, unavimba na kuchoka. Figo nazo zinachuja damu kwa mishipa midogo sana. Zile zinaharibika kimya kimya, na siku utasikia, zitakuwa zimebaki kidogo tu. Macho pia.

Hapa ndipo narudi kwa baba.

Baba alijua kama iko na tansio. Walimupima akiwa na miaka kama 50, wakamupatia kinini. Alikunywa mwezi moja, akarudi kupimwa, wakamuambia: sasa ni muzuri. Akaacha. Siku kichwa ilimuuma, alitafuta kinini ndani ya kabati, akakunywa moja ao mbili, kesho yake akaacha tena. Mama akimukumbusha, alijibu: "Kichwa haiumi leo, nikunywe dawa ya nini?" Sisi watoto tulimuona kuwa na akili. Dawa ni feza, na mutu hatupi feza kwa ugonjwa uliokwisha pona.

Sikujua, na yeye hakujua, kama tansio ilikuwa muzuri juu alikuwa anakunywa dawa. Kinini ya tansio haiponyeshe kama vile kinini ya malaria inaponyesha. Inashikilia. Ukiiachia, nguvu inarudi pale ilikuwa. Na kichwa si kipimo: watu wengi wenye tansio ya juu sana hawana kichwa ya kuuma hata kidogo.

Akaanguka siku ya posho asubuhi, akiwa anajifunga kiatu. Mukono wa kuume ulikataa, mudomo ukapinda upande moja, maneno yakatoka kama ya mutu mulevi. Ile dakika, kila mutu mwenye kufundishwa angejua ni nini. Sisi tulijua kitu ingine. Muzee moja wa familia aliingia, akamuangalia, akatoa neno moja tu: "Karuho."

Msomaji wa Kivu hana lazima nimueleze karuho. Kwa wale watasoma wakiwa mbali: ni ile sumu watu wanasema mutu anakutilia ndani ya pombe ao chakula, kisha unakauka polepole. Mimi sisemi kama hakuna mutu anayewekea mwenzake sumu. Binadamu anaweza yote. Nasema tu kwamba mara tuko na neno moja mukononi linaloeleza kila ugonjwa, hatutafuti lingine. Ile wiki, baba alikuwa amekunywa kikombe ya kasiksi kwa mama jirani yetu, ku sherehe ya mubatizo. Ikawa imetosha. Siku mbili nzima baba alikuwa kwa mutu wa miti, wanamunywesha dawa za kutapisha. Mutu ambaye hakuweza kumeza mate yake vizuri! Nusu ya ile dawa, leo naelewa, iliingia ndani ya mapafu. Siku ya tatu tukamupeleka lopitali. Akaishi wiki tano tena.

Na mama jirani? Hakuna mutu alimushitaki mbele ya chefu wa kartie. Hakuna mutu alimupiga. Tuliacha tu kumusalimia. Watoto wake wakakatazwa kucheza na watoto wetu. Wakati wa matanga ya baba alituma sahani ya maharagi, na ile sahani ikarudishwa ikiwa imejaa. Niliishi na hiyo miaka mingi bila kuiangalia.

Tusijidharau sana lakini. Kuna wakati hata wakubwa wa dunia hawakujua. Franklin Roosevelt, prezidenti wa Marekani, alikuwa na waganga wote aliotaka, na tansio yake ilikuwa inapanda mwaka kwa mwaka wakiwa wanaiandika. Wakati ule waganga wengi waliamini kama damu ya mutu mwenye umri inapashwa kusukumwa na nguvu zaidi, kwamba ni kawaida ya uzee. Na dawa nzuri hazikuwa bado. Tarehe 12 mwezi wa 4, mwaka 1945, alisema kichwa inamuuma sana, akaanguka. Walipomupima walikuta 300 juu ya 190. Alikufa siku ile ile, akiwa na miaka 63. Miaka tatu nyuma, katika 1948, ku muji mudogo unaoitwa Framingham, kulekule Marekani, watafiti walianza kufuata maisha ya watu zaidi ya 5 000, wakiwapima mara kwa mara kwa miaka na miaka. Ni kwa kazi za namna ile watu walihakikisha kwamba tansio ya kupanda haiko mapambo ya uzee, inavuta kiharusi na ugonjwa wa moyo, na kwamba tumbako nayo inachangia.

Najua neno ambalo wengine wako nalo ku mudomo. Nilielezwa na kijana moja motari nilipomusimulia haya: "Papa, weye uko unahesabia miaka 80, sisi hatujui kama tutaamuka kesho." Iko na haki. Tangu 1996 hii sehemu yetu haijalala usingizi mrefu. Wanasema mutu wa Kongo anaishi wastani wa miaka karibu 60, na wengi wanasikia ile namba kama hukumu: ukifika 60, toka. Lakini wastani haimaanishi vile. Ndani yake wamehesabu hata watoto wanaokufa mbele ya kufikisha miaka tano, na hapa kwetu ni wengi. Wale ndio wanashusha namba. Mutu ambaye alipita utoto, akapita malaria na surua na kuhara, akafika 45 akiwa amesimama, ile namba haimuhusu sana. Anaweza kabisa kufika 75. Koko yangu wa Walungu alizika watoto wane, na yeye mwenyewe alipita 80 akiwa bado anateremuka ku shamba. Risasi hatuwezi kuizuia kwa kupima mukono, ni kweli. Lakini nikiangalia majina ya watu tuliozika ku familia yetu tangu miaka kumi, wale wa miaka 50 na 60, wengi hawakuondoka na risasi. "Alianguka." "Alivimba miguu." "Moyo ilisimama." Haya ndiyo maneno yetu.

Basi nilianza. Sitawadanganya kama ilikuwa rahisi.

La kwanza lilikuwa chumvi, na pale vita ilikuwa ndani ya nyumba yangu. OMS, lile shirika la afya la dunia, inaomba mutu mukubwa asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, chakula chote pamoja: ni kijiko moja kidogo ya chai, iliyosawazishwa. Bibi yangu alichukua kijiko, akaisawazisha, akaiweka mbele yangu juu ya meza, akasema: "Hii ni ya sombe peke. Na ugali utaikula na nini?" Tukaanza kuhesabu. Chumvi ya sufuria, sawa. Kisha kibe ya supu: zaidi ya nusu ya kile kipande ni chumvi, na sisi tulikuwa tunatia mbili ao tatu juu ya chumvi ingine. Makayabu, ambayo ni samaki iliyolala ndani ya chumvi. Sambaza iliyokaushwa na chumvi. Mukate wa asubuhi pia. Hatukufukuza chumvi. Tulifanya hivi: ukitia kibe, hutii chumvi, ukitia chumvi, hutii kibe. Makayabu inalala ndani ya maji usiku muzima, na tunamwaga yale maji mara mbili. Vitunguu, sereli, tomati na pilipili vikaongezwa. Wiki mbili za kwanza chakula kilikuwa kama cha mugonjwa. Wiki ya nne ulimi ukazoea, na siku moja nilikula ku matanga ya mutu, nikasikia chumvi inaniunguza.

Nisieleweke vibaya hapa, sababu kuna watu wameanza kununua chumvi ya mawe yasiyo na kitu, wakisema ni ya asili. Chumvi yetu inapashwa kuwa na iode. Wazee wa Idjwi wanakumbuka zile shingo zilizovimba. Katika miaka ya 1960 watafiti waliokuwa Lwiro walisoma ule ugonjwa kule kisiwani, na wakaona watoto waliozaliwa bila akili kukomaa kwa sababu udongo na chakula vilikosa iode. Chumvi yenye iode ndiyo ilibadilisha mambo. Kwa hiyo kidogo, lakini yenye iode.

Kutembea nilidhani sina deni. Mutu wa Bukavu anatembea, si ndiyo? Nilipojichunguza nikaona uongo: tangu nipate kazi ya kukaa, moto inanichukua mulangoni mwa nyumba na kunitupa mulangoni mwa redio. Koko yangu alikuwa anabeba ndizi toka shamba paka soko, na kurudi. OMS inasema dakika 150 kwa wiki, kwa uchache, za kutembea haraka ao kazi ya jasho. Sasa asubuhi nateremuka kwa miguu, na jioni napanda kwa miguu siku tatu kwa wiki. Majirani waliuliza kama redio imeacha kutulipa. Kitambi yangu, ile watu walikuwa wanaisifu kuwa ya mutu mwenye feza, imepungua, na kuna mushemeji aliniuliza kwa sauti ya chini kama niko na kile kiugonjwa. Kwetu mutu akikonda, wanamulia mbele ya wakati.

Pombe nilipunguza, sikuacha, na sitajifanya mutakatifu. Inapandisha tansio, haijalishi kama ni ya chupa ao ya kibuyu. Upande wa chakula, kitu kizuri ni kwamba vile vinavyosaidia viko kwetu na si vya bei ya Wazungu: maharagi, lengalenga, ndizi, viazi. Ni mafuta mingi, sukari na zile vinywaji vya chupa ndivyo tunanunua na feza tuliyokopa. Tangawizi na kitunguu saumu, kula, hakuna mutu anakukataza, lakini usiache kinini juu yao. Namba yangu ilikuwa 160. Pale kitunguu peke haifiki.

Ndiyo, nakunywa kinini. Moja kila asubuhi, baada ya kupiga mswaki ili nisisahau. Yangu ni amlodipini. Ya mwenzako inaweza kuwa ingine, na ndiyo maana hupashwi kukunywa ya jirani eti sababu ninyi wote muko na tansio. Muganga anachagua akiangalia umri, figo, sukari, na kwa mama kama iko na mimba, sababu kuna dawa za tansio zinazomuumiza mutoto ndani ya tumbo. Kwa wamama, tansio wakati wa mimba ni hatari ya pekee, inaua mama na mutoto. Usiruke CPN hata kama unajisikia na nguvu. Na dawa, nunua mahali pa kivuli na pa kuaminika. Ile inayokaa siku nzima ku jua, juu ya meza ya barabarani, sijui mutu anategemea iwe na nguvu gani.

Kuna jambo moja ambalo sijaona likiandikwa ndani ya vitabu vya waganga, na hapa kwetu ni la kufa na kupona. Kila nyumba iko na kibegi ya kukimbia: karatasi za shule, kitambulisho, nguo mbili za watoto. Tuliokimbia tunajua. Mutu wa tansio anakimbia, anafika mahali pa kulala, kinini imebaki ku kabati, na juu ya hapo woga na kukosa usingizi vinasukuma damu zaidi. Ndani ya kibegi yangu sasa kuna kinini za mwezi moja, ninazobadilisha mara kwa mara zisipitwe na tarehe, na karatasi imeandikwa jina ya dawa, kipimo chake na namba zangu za mwisho. Muganga yeyote, hata ndani ya kambi, akiona ile karatasi haanzi na sifuri.

Na ikitokea mbele yako kama ilivyotokea kwetu: mudomo unapinda, mukono ao muguu moja unakufa, maneno yanachanganyika, hata kama inapita kisha dakika chache, angalia saa, muweke mutu alale kwa upande, usimupe kitu ya kukunywa wala kula wala kutapisha, na utafute lopitali sasa ile ile. Kama familia inataka kuzungumza juu ya karuho, watazungumza akiwa ku kitanda ya lopitali. Kila saa inayopita, sehemu ya kichwa inakufa.

Namba yangu ya mwisho ilikuwa 134 juu ya 84.

Mwezi uliopita, siku ya Mungu kisha misa, niliingia kwa mama jirani. Hakunikaribisha kuikala. Nilimueleza nimesimama: ugonjwa wa baba, kinini alizoacha, kiharusi ni nini. Nilimuomba samahani kwa jina la familia, ingawa sio wote waliokubali nifanye hivyo. Yule muzee bado anasimamia neno lake. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Miaka hii yote nilikuwa nawasalimia, hamunijibu. Nikafikiri, ao kweli kikombe yangu ilikuwa na kitu?" Alikuwa amefika pale pa kujishitaki mwenyewe.

Akaniuliza hiyo mashine inapimiwa wapi. Wiki iliyofuata tulienda pamoja, polepole, tukipumuzika kila kona. Akaikala dakika kumi, mama infirmiye akamufunga mukono. 172 juu ya 96. Akaangalia namba, akaniangalia mimi, akacheka na jino lake moja la mbele: "Na hii nayo, mwanangu, nani alinitilia?" Alipashwa kurudi kisha siku tatu. Alirudi, na akaleta dada yake.